Mwongoza wageni wa Galveston agoma kuiruka nyumba yake

Saa tatu asubuhi, jua la kisiwa cha Galveston, kusini mwa Marekani, limeshaanza kuuma. Alcide Mouton, mwenye miaka 66, anasimama mbele ya nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, anajifuta jasho, kisha anawauliza wageni wake: "Maji yanapanda, watoto wanalia, shoka unalo mkononi. Unakata nini?"

"Paa," anajibu mwanamume mmoja kutoka Ohio.

"Basi wewe tumeshakuzika, ndugu yangu." Watu wanacheka. "Unakata sakafu. Maji unayakaribisha ndani, yaishikilie nyumba chini. Ukiyafungia nje yataibeba kama kikapu."

Hivyo ndivyo baadhi ya familia zilivyopona katika tufani ya mwaka 1900, iliyoua maelfu kisiwani hapa. Alcide hakuusoma ujuzi huo; shule aliiacha mapema akaenda kubeba mizigo bandarini. Alirithishwa na bibi yake, kama wengine wanavyorithishwa mapishi ya kaa.

Sasa anaongoza ziara ya tufani kwa dola 14 kwa saa, pamoja na bahashishi. Siku zote ziara huishia mtaa wa nyuma, nyumbani kwake mwenyewe. Leo ameagizwa aishie kwenye majumba ya matajiri. Aliyemwagiza, msimamizi wa kampuni Kendra Lyle, yumo kundini, kavaa miwani myeusi, anasikiliza.

"Bwana Mouton, watu wako likizo," alimwambia jana. "Hawakulipa ili walie."

Wanafika njia panda. Kulia ni majumba. Alcide anakata kushoto.

Barazani kwa jirani, Bi Verbena Guidry, dada wa marehemu mke wake, anamenya kamba kwa ajili ya mchuzi.

"Umechelewa, shemeji! Nikadhani wameshakupiga buti."

"Bado. Buti lenyewe liko nyuma yangu, linatembea."

Bi Verbena anamkagua Kendra kuanzia viatuni. "Mbona limekonda hivyo?"

Ndani ya nyumba ya Alcide, karibu na jiko, kuna tundu sakafuni, limefunikwa kioo. Tufani ya Ike ilipopiga mwaka 2008, mkewe, Rosetta, alishika tochi, Alcide akashika shoka. Nyumba mbili za mtaani zilihama na maji. Yao ilibaki.

Kisha akaja mkaguzi wa msaada wa serikali.

"Akainama, akalitazama," anasimulia Alcide. "Akasema, hili limekatwa na shoka, si tufani. Mmeharibu wenyewe. Nikamwambia, bwana, bila tundu hili ungekuwa unakagua nyasi. Akaandika, akaenda zake kula."

Msaada ukakataliwa. Walioiacha nyumba isombwe walijengewa. Aliyeiokoa aliachiwa kuta zenye ukungu. Rosetta alikuwa na pumu. Alifariki katika majira ya pili ya baridi baada ya tufani.

"Tufani sina ugomvi nayo," anasema Alcide, bila kupandisha sauti. "Ilikuja, ikafanya kazi yake, ikaondoka. Mwenye kalamu ndiye aliyetumaliza, na kiti chake bado anakikalia. Watu wa namna hiyo maji hayawafikii. Wanakaa ghorofani."

Hakuna anayepiga picha. Mwanamume wa Ohio anauliza kama anaweza kukaa kidogo.

Nje, Kendra anamvuta Alcide pembeni.

"Umenivunjia agizo mbele ya wageni."

"Ndiyo, mwanangu. Na kesho nitalivunja tena."

"Kesho nitatuma mtu mwingine."

"Mtume tu. Ila kwangu hapiti mlangoni."

Kendra anaondoka na wageni. Ziara ya kampuni, kuanzia kesho, itaishia kwenye majumba.

Alcide anaketi barazani kwa shemeji yake na kuanza kumenya kamba. Kibali cha kuongoza wageni ni chake, si cha kampuni. Jumamosi anakusudia kuanza ziara ya mtaa huu peke yake: atabisha hodi, na kila aliyenusurika atasimulia mwenyewe akiwa mlangoni kwake.

Bi Verbena amekubali kuwa wa kwanza, kwa sharti kwamba asipigwe picha kabla hajavaa wigi.

"Waliokufa mwaka 1900 wana sanamu yao ufukweni, na wanaistahili," anasema Alcide. "Waliobaki nataka wasikilizwe wangali wanapumua."