Insha Niliyoipa Tatu kwa Kumi

Pale Busia wananiita Mwalimu mpaka leo, na mimi naitika bila haya. Wangejua nilichomfanyia binti wa Okochi mwaka wa sitini na tano, labda wangenitafutia jina jingine. Jambo hili sijamwambia mke wangu wala padre. Sasa nimechoka kulibeba, na ninyi mtanisikiliza, mpende msipende.

Nilizaliwa Samia, upande wa Kenya. Baba alilima pamba, mama alifinyanga vyungu. Wamisheni wakanisomesha, nikapata cheti cha ualimu, nikavuka mpaka kwenda kufundisha Kiingereza katika shule moja ya sekondari karibu na Tororo, Uganda. Jina la shule niachieni. Siku hizo kuvuka pale Busia ilikuwa kama kutoka chumba hiki na kuingia kile: Ijumaa napanda baiskeli naenda nyumbani, Jumapili narudi, hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Soksi nyeupe mpaka magotini, kalamu mbili mfukoni, nyeusi ya kuandikia na nyekundu ya kutishia watu. Nilijiona, jamani! Ungeona ninavyotembea ungedhani Tororo nzima nimeijenga mimi.

Nilikuwa na sheria yangu darasani. Jina la nyumbani liachwe mlangoni. Wewe Emong, humu ndani ni Rasto. Wewe nani sijui, humu ndani ni Anjeline. Mimi mwenyewe nilikuwa Mista Osborn, na jina langu jingine nililiandika kwa herufi moja tu, O na nukta, basi. Nilidhani huko ndiko kusoma.

Na nilifundisha vizuri, siwezi kujinyima hilo. Kila tukifungua shairi naandika ubaoni maswali manne: Nani anasema? Anamwambia nani? Anahisi nini? Umejuaje? Hilo la nne ndilo lililowatoa jasho. Sikukubali mtoto aniambie mshairi ana huzuni halafu akae chini. Umejuaje? Nionyeshe neno. Nionyeshe mstari. Tukifika kwenye habari za kweli, yaani barua, safari, maisha ya watu, naongeza swali la tano: Je, inaaminika?

Muhula ule wa pili tulisoma shairi la Mwingereza mmoja aliyefiwa na farasi wake. Mtu analia kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Rasto, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akauliza, "Mwalimu, huyo farasi alikuwa mjomba wake?" Darasa likacheka, nikamsimamisha nyuma. Nikawaambia, "Tazameni machozi haya. Mwandishi akihisi kitu, lazima tukione. Kama hatukioni, hakipo." Niliyasema hayo kwa kinywa changu, kifua mbele. Kisha nikawapa insha ya kweli, wachague siku moja ya nyumbani wasiyoweza kuisahau.

Anjeline, ndiye huyo binti wa Okochi, alitoka kijiji cha Mwello. Alikuwa na miaka kumi na tano hivi, mtoto wa kukaa dirishani, asemaye kidogo na kuandika kidogo. Muhula wa kwanza alichelewa kurudi kwa wiki mbili kwa sababu ya msiba, hilo nililijua. Insha yake ilikuwa fupi mno, na maneno yake bado ninayo kichwani. Aliandika kwa Kiingereza, lakini ilikuwa hivi: "Dada yangu alizikwa Jumatano baada ya mvua. Hakuna aliyelia. Baba alisema atakayelia atoke hapa nyumbani. Mama alisaga simsim akatupa tukala. Mimi nilikula. Kisha tulikwenda kupalilia mtama. Kitanda chetu sasa ni kipana."

Basi. Hata nusu ukurasa haikufika.

Nikachomoa nyekundu yangu. Penye "hakuna aliyelia" nikaandika: Si kweli. Penye simsim, yaani ufuta, nikaandika: Mama huyu hana moyo? Ule mstari wa kitanda nikaukata kabisa, nikaandika pembeni: Haihusiani. Nikampa tatu kwa kumi. Na kama hiyo haikutosha, nikaisomea darasa zima bila kutaja jina, nikauliza maswali yangu. Anahisi nini huyu? "Njaa!" akasema Rasto, na wote wakaangua kicheko. Nami nilicheka. Nikiyakumbuka meno yangu siku ile natamani ardhi inimeze.

Baada ya kipindi nikamwita mezani. "Andika upya. Andika ukweli."

"Mwalimu, hawakulia," akasema, macho chini.

"Basi walie kwenye karatasi."

Akaniangalia mara moja tu. Akachukua daftari akaenda. Siku ya pili akaniletea kurasa tatu, na loo, nilifurahi! Mama anagaagaa chini, anajirarua nguo. Baba analia kwa kwikwi. Na yeye Anjeline anapiga mayowe juu ya kaburi, anamwita dada yake aje amchukue waende wote. Nikampa tisa kwa kumi. Nikaibandika ukutani, mahali pa kila mtu kuiona.

Haya, ikaja siku ya wazazi. Wamekaa kwenye madawati yale yale ya watoto wao, magoti yamewabana, wengine wametembea tangu alfajiri. Mama yake Anjeline alikuja peke yake, mwanamke mrefu, kanga mbili safi, ameketi mstari wa mbele. Mimi kichwa kikavimba. Nikatoa ile insha ukutani nikasema, "Mama Anjeline, simama, mama, watu wakuone. Sikia mtoto wako anavyoandika." Nikaanza kuisoma na kuigeuza Kiswahili, mstari kwa mstari, ili mama mwenyewe aelewe. Nilitia na mbwembwe. Nilipofika pale mama anagaagaa, nikapunguza sauti. Nilipofika pale mtoto anamwita marehemu aje amchukue, nikainua mkono.

Niliposhusha karatasi, hakuna aliyepiga makofi. Wazee wa Mwello walikuwa wanatazama sakafu. Yule mama alikuwa bado amesimama kama nilivyomwambia. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, akaibana. Akaenda mpaka kwa bintiye, akamshika mkono, wakatoka. Hawakupita hata bwenini kuchukua sanduku wala blanketi.

Nilimfuata Akullo, mpishi wetu, ambaye na yeye ni mtu wa huko huko Mwello. Alikuwa nje anaosha masufuria. Nikamuuliza, kwa hasira kabisa, yule mama amekasirika nini wakati nimemsifia mtoto wake mbele ya watu.

Akullo hata hakuinua kichwa. "Mwalimu, wale watoto walikuwa mapacha. Yule aliyezikwa ni Apio. Huyu wako ni Adongo."

Apio ni jina la pacha wa kwanza kuzaliwa, Adongo la wa pili; ningemwacha na jina lake ningejua siku ya kwanza. Hakuhitaji kunieleza zaidi, maana kwetu Samia ni vilevile. Pacha haliliwi. Akifa mmoja, mnamzika kimya kimya, mnakula, mnaendelea na jembe, mkiyameza machozi yote, kwa sababu ukimlilia aliyekwenda unamwita na aliyebaki amfuate. Baba hakuyafukuza machozi kwa ukatili. Alikuwa anamlinda mtoto mmoja aliyemsalia. Ile insha ya kwanza ilikuwa na mapenzi mpaka inamwagika, na mimi bwana mkubwa wa "umejuaje" sikuona hata tone. Halafu nikamlazimisha mtoto ajililie kifo chake mwenyewe kwa wino, nikambandika ukutani, nikamtangazia mama yake.

Siku tatu, wiki, Anjeline hakurudi. Akullo akaniletea habari kwamba baba amesema shule imetosha. Kama mtoto anafundishwa kujiita kaburini, heri alime. Hapo nikajua nimemfungia mlango binti aliyekuwa wa pili katika darasa la watu thelathini na nane, na kwamba hakuna mtu wa kuufungua ila mimi niliyeufunga. Mwalimu mkuu akasema tungoje hasira zipoe. Mimi sikuweza kungoja.

Jumamosi nikapakia sanduku lake kwenye baiskeli, daftari lake aliloliacha dawatini, na zile kurasa tatu za ukutani ndani yake, nikalitia ndani ya shati, nikaenda Mwello. Soksi nyeupe sikuvaa. Nikamkuta mama uani, anapepeta mtama. Anjeline alikuwa kando yake. Aliponiona akaingia ndani ya nyumba. Baba alikuwa shambani. Yule mama akanisogezea kigoda, maana mgeni ni mgeni, akaendelea kupepeta. Kiswahili chake kilikuwa cha soko la mpakani, nami nilikielewa vizuri kupita nilivyotaka.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha," nikasema.

"Kitabu iko?"

Nikalitoa.

"Soma. Ile ya kwanza. Mtoto nasema iko ya kwanza."

Nikasoma, nikigeuza Kiswahili kama siku ile, lakini mbwembwe zilikuwa zimeniisha. Aliacha kupepeta. Nilipofika kwenye simsim akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari zake zikisemwa sawasawa. Nilipomaliza akasogea, akaweka kidole juu ya ukurasa. Kusoma hajui, lakini rangi anaziona.

"Hii nyekundu nasema nini?"

"Inasema... si kweli."

"Nani nasema?"

"Mimi, mama."

Kidole kikashuka. "Na hii?"

Jamani, nilitamani kudanganya. Alikuwa hajui kusoma, ningeweza kusema chochote. Lakini Anjeline alikuwa nyuma ya mlango, anasikia, na yeye anajua kilichoandikwa. "Inasema, mama huyu hana moyo?"

Hakupiga kelele. Angenipiga hata mwiko wa kichwa ningemshukuru. Kidole kikashuka tena, kwenye mstari niliokata. "Na hii nakata nini?"

"Aliandika kwamba kitanda chao sasa ni kipana. Mimi nikaandika kwamba haihusiani."

Hapo ndipo alipogeuza uso upande wa mtama. Mimi nikaangalia vidole vya miguu yangu. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Mwalimu, nyumbani yako nakuita nani?"

Swali hilo nilijua linakokwenda. "Okello," nikasema.

Okello! Msiojua huku kwetu, niwaambie: hilo ni jina la mtoto anayefuata mapacha. Walionitangulia tumboni mwa mama walikuwa wawili, na mmoja wao alizikwa kabla sijazaliwa, na mama hakumlilia hata siku moja. Jina langu lenyewe ndiyo habari hiyo. Ndilo nililolifanya O na nukta.

"Okello," akarudia yule mama. "Kwa hiyo wewe najua."

"Ndiyo, mama. Nilikuwa najua."

"Kama wewe hapana najua, ningesamehe mbio."

Akanyoosha mkono. "Ile ingine. Nipe." Nikampa zile kurasa tatu za tisa kwa kumi, akazitia chini ya chungu chake kilichokuwa motoni, zikaungua. Akarudi kwenye ungo wake. "Mtoto narudi shule. Baba yake nitasema naye. Si kwa sababu yako. Yeye mwenyewe nataka. Lakini huko mwite jina yake."

Jumatatu ya pili Adongo alikuwa dirishani pake. Nilifuta sheria yangu mbele ya darasa. Nikaandika ubaoni jina langu lote, Okello, Rasto akataka kucheka akaniangalia uso akaacha. Nikawaambia kwamba ile insha fupi niliyoisoma ilikuwa nzuri kuliko zote, kwamba kicheko kile kilikuwa kosa langu, na kwamba mstari wa mwisho ndio uliobeba msiba mzima na mimi nikaukata kwa ujinga wangu. Adongo alikuwa anatazama meza yake. Nikasema, haya sasa, kila mtu aandike tena siku moja ya nyumbani, kwa kweli yake mwenyewe, na kalamu nyekundu nimeiacha chumbani.

Nilidhani nimemaliza. Nilijisikia mwepesi, hata nikaanza kujipongeza kimoyomoyo, maana tabia haiachi mtu. Wakafungua madaftari. Adongo akanyoosha mkono.

"Ndiyo, Adongo."

Akasimama kwa heshima, kama nilivyowafundisha. "Mwalimu, katika hii, watu walie au wasilie?"

Hakuwa ananikejeli. Ningejua. Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake, na alikuwa anangoja nimwambie.