Chazo wa Babu Ndani ya Ndoo

Wiki iliyopita nilikuwa kwa daktari wa meno hapa Mombasa, shavu limevimba kama nimeficha limau, nikigombana na kaka yangu kwa simu. Yeye yuko Ulaya. Nilikuwa nimemwambia nataka kwenda Chula, kisiwa chetu upande wa Kisimayu, nikaione nyumba yetu, maana baadhi ya jirani wamesharudi huko. Akasema nimerukwa na akili, kule hakuna kitu ila kuta na mbuzi. Nilipovuta pumzi nimjibu kwa sauti ambayo angeisikia hata bila simu, nikaona tangi la samaki ukutani, na ndani yake kijisamaki kimejigandisha kwenye kioo. Ulimi ulirudi wenyewe. Nikanong'ona, "Nitakupigia," nikakata. Utashangaa, rafiki yangu, lakini kwetu hatukulelewa kugombana mbele ya samaki wa namna hiyo.

Babu yangu alikuwa mvuvi wa kasa, na kasa yeye hakumvua kwa ndoana. Alimvua kwa samaki aitwaye chazo. Chazo ni mrefu, mwembamba, na utosini ana kitu kama soli ya kiatu. Akimwekea kasa soli hiyo mgongoni, habanduki. Babu alimfunga kamba mkiani, akamwachia, na akishashika, alivuta taratibu mpaka wote wawili wafike. Alimfuga kwenye kidimbwi ufukweni na kumlisha dagaa kabla sisi hatujala. Mwiko wake ulikuwa mmoja tu: chazo hasikilizishwi ugomvi. "Akisikia kelele za wachu, hashiki," alikuwa akisema, kwani kwetu watu ni wachu.

Na kwa kuwa kidimbwi kilikuwa mbele ya nyumba, bibi, akitaka kumkaripia babu, sharti azunguke nyuma, kwenye tanuri la mikate ya mofa, amkaripie kutoka huko. Siku ambazo mkate uliungua tulijua bibi alikuwa na mengi ya kusema. Mpaka leo harufu ya mofa iliyoungua hunifanya nitafute nani amekosea.

Vita vilipofika Kisimayu na wenye bunduki wakaanza kuvukia visiwani, tuliondoka kwa mashua, kila mtu na alichoweza kubeba. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alibeba misahafu. Jirani alibeba sufuria ya wali ambao haukuwa umeiva. Babu alibeba ndoo ya maji ya bahari, na ndani yake chazo.

"Wachu wakimbia risasi," bibi alimfokea mbele za watu, "weye wakimbia na kitoweo?"

"Nong'ona," babu akamwambia. Kisha akasema neno ambalo sote tulilibeba pamoja na mizigo yetu: "Maadamu huyu yu hai, sisi tuko safarini tu. Akifa, ndiyo tumehama."

Tuliwekwa kambini, nje kidogo ya Mombasa, si mbali na ufuo. Hema letu lilikuwa dogo na joto, chakula kilikuwa unga wa manjano ambao bibi aliutazama kana kwamba umemtusi, na kazi yetu watoto ilikuwa kuteka maji ya chumvi asubuhi na jioni kumbadilishia mheshimiwa. Kila alfajiri baada ya sala babu alitumbukiza kiganja ndooni, nasi tukiuliza kwa pamoja, "Kashika?" Babu, akiinua mkono na chazo aning'iniaye kiganjani, anajibu, "Kashika." Baada ya muda hema za jirani nazo zikawa zinauliza. Watu waliopoteza nyumba, mashua na ndugu walikuwa hawanywi chai kabla ya kujua habari za samaki.

Ugomvi kambini haukukosa, hasa kwenye foleni ya maji, lakini wenye kugombana walisogea mbali na hema letu. Bibi ndiye aliyeteseka zaidi. Hakuwa tena na nyuma ya nyumba, ikambidi amkaripie mumewe kwa mnong'ono huku anatabasamu, na mgeni asiyejua angedhani anamtongoza. Mwalimu, alipoona utulivu ule, alihamishia chuo chake pale pale, nasi tukasoma juzuu zetu kando ya ndoo.

Kisha kiangazi kikaja kikali. Asubuhi moja babu alitumbukiza mkono, tukauliza, naye akajibu, "Amelala." Kesho yake akajibu vile vile. Chai ya jirani ilipoa vikombeni na hakuna aliyeigusa. Nilikuwa mdogo, lakini niliogopa kuliko nilivyoogopa bunduki, kwa sababu nilijua tukimzika samaki yule tumeizika Chula.

Bibi, ambaye kila siku alitishia kumtia nazi, ndiye aliyekaa karibu na babu siku ile. "Mrudishe baharini, mzee," alisema, safari hii bila kutabasamu. "Imani haifugwi ndooni. Itakufa."

Babu alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, nami nikalia kwa sauti, ndoo au si ndoo.

Jioni kambi nzima ilimfuata ufuoni, mwalimu akiomba dua mbele kama tunasindikiza mahujaji. Babu aliingia majini hadi magotini, akainamisha ndoo. Chazo akazama, akalala mchangani, kimya. Halafu akatikisa mkia, akazunguka mara moja, akaenda moja kwa moja kwenye muundi wa babu, akajigandisha.

"Kakudhania kasa!" bibi alipiga kelele. "Na kwa shingo hiyo, hana makosa."

Babu alicheka mpaka akakaa majini na kanzu yake. Hakuwa amecheka tangu Chula. "Kashika?" tukamwuliza kutoka ufuoni, kambi nzima. "Kashika!" akajibu, akambandua polepole, akamwachia. Tulipomwuliza sasa itakuwaje, alisema, "Katangulia."

Babu alizikwa huku huku Mombasa, na mpaka siku ya mwisho aliwaambia wageni kwamba yuko safarini. Bibi alimfuata. Mofa sijaila miaka mingi. Anayefuga chazo simjui tena, na watoto wa kaka yangu nikiwasimulia wananiuliza kama samaki huyo alikuwa na jina. Kile kijisamaki cha daktari hakikuwa chazo hata kidogo, kilinyonya kioo kwa mdomo, lakini heshima nilikipa.

Nilipotoka na jino limeng'olewa, nilimpigia kaka.

"Umeshatulia?" akaniuliza kwa ukali.

"Nimemwona chazo," nikamwambia, nusu ya mdomo imekufa ganzi.

Sauti iliyonijibu ilikuwa ya mtoto wa kambini.

"Kashika?"

"Kashika."

"Basi ningoje," akasema. "Twende sote."