Hamisha Mawe Kwanza

Siku ya kwanza kazini nilidhani nimepewa adhabu. Nilitoka kwetu Ujiji nikiwa msaidizi wa bwana samaki, nimefundishwa kuchimba mabwawa na kupandikiza perege. Singida nikapokelewa na tangi la kioo, limekaa sebuleni kwa Afisa Samaki, ndani yake samaki mmoja tu wa manjano, mwenye mistari myeusi, hazidi kidole changu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huyo ndiye Jumbe," Afisa akasema, hata kiti hajanipa. "Majumbe wote wa enzi ya mkoloni Serikali imewafuta, kasalia huyu. Kila ninayemtia humu anamuua. Wewe si mtu wa Tanganyika? Samaki wa ziwa lenu huyo. Kaeni mpatane."

Haya. Ndivyo nilivyoanza utumishi.

Nyinyi vijana mna pampu za umeme. Sisi upepo wa samaki tuliutoa kwenye mpira wa ndani wa tairi la lori. Unaujaza kwa pampu ya baiskeli, unaunga mrija mwembamba, unaubana na kibanio cha nguo ili mapovu yatoke kidogo kidogo. Maji yalikuwa ya kisima, yana magadi, watu wakiyalaani kwenye chai, ila samaki wa Tanganyika ndiyo anayoyataka. Kila juma unapunguza theluthi kwa kuvuta mrija kwa mdomo, na ukizubaa umemeza uchafu wa Jumbe. Mimi nimeumeza sana, jamani.

Wenzake walitoka Kigoma kwa treni, ndani ya debe, hadi Manyoni, kisha lori. Wakifika, Jumbe anawararua mapezi. Nilidhani ni njaa, nikamshibisha dagaa wa kusaga. Wapi! Samaki hawa wa jamii ya perege hawagombei chakula, wanagombea jiwe. Dume likishajipatia jiwe lake, yeyote anayepita karibu ni mwizi.

Wakati huo mke wangu, Zaituni, alikuwa amenifuata. Kwetu Ujiji mgeni akihamia mtaani hutembelewa. Majirani huja na sahani imefunikwa kawa, wanakaa, wanamuuliza habari za kwao. Basi Zaituni alifagia, akatandika mkeka, akangoja. Watu wa mtaa ule wa Singida nao walikuwa na desturi yao: mgeni ndiye apite nyumba kwa nyumba kujitambulisha. Nao wakangoja. Wanawake wakipita kwenda kisimani wanaongea Kinyaturu chao na kucheka, na yeye mlangoni akisema, "Wananicheka mimi." Kumbe wao walikuwa wakisema mke wa bwana samaki ana maringo. Hayo niliyajua baadaye sana, hayakunisaidia kitu.

Akawa anakuja kwa Afisa kunisaidia kazi, ili tu asikie mtu akimwita jina. Siku moja pati, ule udongo wa kugandishia vioo vya tangi, ikapasuka, maji yakajaa sebuleni. Tukamwokota Jumbe haraka, tukamtia kwenye debe pamoja na wageni walioshuka karibuni. Tulipoziba kioo na pati ikakauka, nilirudisha mawe ovyo, nikawamimina wote kwa mara moja. Nilijua nitaamkia mizoga. Nilipokuja kutazama, hakuna aliyekufa! Jumbe amefifia rangi, amejibanza pembeni, haelewi pake ni wapi. Alipokuja kujipatia jiwe, wenzake nao walishapata yao. Walisukumana, ndiyo, lakini waliishi.

"Kumbe dawa ni asiwepo mwenyeji," Afisa akasema, amefurahi kweli. "Ukitaka kuleta mgeni, hamisha mawe kwanza."

Zaituni alikuwa amepiga magoti mbele ya kioo. Akasema polepole, "Na mimi nani atanihamishia mawe?"

Tulicheka, mimi na Afisa. Yeye hakucheka.

Kiangazi kilipoingia, kaka yake aliyekuwa mfanyakazi wa reli alikuja kumchukua. Zaituni alisema anakwenda kumwona mama. Nilimfungia mzigo vizuri, nikamsindikiza hadi lori lilipoondoka, nikarudi kulisha samaki. Sikuwa na mwingine wa kumwambia kwamba mke wangu ameondoka.

Zaituni hakurudi. Afisa akahamishwa, tangi akaniachia. Ikaja operesheni ya kuhamia vijijini, nami nikapelekwa kijiji kipya cha Sepuka kuchimba bwawa, Jumbe na wenzake wamepakiwa ndani ya madebe. Sitawadanganya kwamba watu walifurahi. Wapo waliolia kwa mashamba na makaburi yao, na kwa siku nyingi walikuwa vile vile alivyokuwa Jumbe, wamefifia. Lakini pale hapakuwa na mwenyeji. Kila mwanamke alikuwa mgeni, na kila mmoja aligonga kwa mwenzake kuomba moto. Niliona jambo hilo. Nikasema, sasa! Hapa Zaituni angekaa.

Nilisafiri hadi Manyoni nikamngoja shemeji, yule kaka yake wa reli, kwenye treni yake. Nikamweleza yote akamwambie dada yake: majirani, kisima, nyumba. Treni yake iliporudi kutoka Kigoma, nilikuwa palepale stesheni. Alishuka, hakunitazama usoni.

"Shemeji, dada anakusalimu. Anasema, mwambie Bwana Samaki, mimi mawe yangu nimeshayapanga huku."

Sikumuuliza kama kuna mwanamume. Nilimwambia ahsante, nikapanda lori.

Nimestaafu. Jumbe alikufa zamani, lakini tangi liko hapa kwangu, na wapo samaki wa jamii yake, wakorofi vile vile. Mnaokuja kujifunza ufugaji huu nawaambia neno moja: hamisha mawe kabla mgeni hajaingia, maana akishasukumwa pembeni na kujeruhiwa, kuhamisha ni kujisumbua.

Kisha nawaona mnatazama viti vyangu vilivyorundikwa ukutani, na kitanda kisichosogezwa mahali pake, mnanong'ona kwamba mzee ni mzembe. Si uzembe. Nyumba hii sijaipanga. Akija, apange yeye.