Kiapo cha Kopo la Guigoz

Mama Spés si mtu wa maneno mengi. Siku tano kwa wiki alipanga masanduku kwenye ghala moja huko Shively, na Jumamosi alishika ufunguo wa stoo ya chakula chini ya kanisa letu la Beechmont, Louisville, Marekani. Wakongo wenzake walimchagua kwa sababu moja tu: hapimi kwa kuangalia sura ya mtu.

Kiapo chake nilikitunga mimi, Kananu, Mkenya niliyekuja kusoma historia. Muhula ule nilikuwa nimezama kwenye miji ya Ulaya ya zama za kati, ambako wasimamizi wa mkate na nafaka waliapishwa mbele ya watu, mkono juu ya Injili. Basi nikawaletea wazo hilo. Mama Spés akaweka mkono mmoja kwenye Biblia, mwingine kwenye guigoz, kopo la maziwa ambalo watu wa Kivu hupimia unga na maharage. Akaapa: nyumba yake itapimiwa mwisho, na akipunja nyumba yoyote ataifidia kopo zima kutoka sehemu yake mwenyewe. Watu walipiga makofi, mimi nikavimba kichwa.

Februari 2015 theluji ikatufungia. Mabasi yakasimama, lori la chakula likasogezwa hadi Jumatano, ambayo Wakongo huiita siku ya tatu, na kadi za msaada wa chakula za wengi zilikuwa zimeshaisha pesa. Stooni lilibaki gunia moja la unga, la kutosha nyumba kumi, makopo matatu kila nyumba.

Jumamosi hiyo asubuhi, Mama Spés akiwa anafungua gunia, nilijitolea kusafisha ngazi. Barafu ilikataa kutoka. Mpumbavu mimi, nikachukua guigoz lililokuwa mlangoni nikaigonga nalo mpaka ikapasuka. Mtu wa Kivu hagongi kitu kwa kipimo. Kwangu lilikuwa kopo tu.

Nyumba tatu zikapimiwa. Kabla ya nyumba ya nne, Mama Spés alitia mkono ndani ya kopo, akalipapasa. Kitako kilikuwa kimebonyea kuja ndani, kama makopo ya wachuuzi wezi sokoni kwao. Zaidi yetu wawili hakuna aliyeona. Sitaficha: nilimwomba kimoyomoyo aendelee tu.

Akaliinua juu. "Hii kopo imebonyea. Nyumba tatu nimebapunguzia."

Papa Marcellin, aliyepimiwa wa pili, alikuwa bado anafunga koti. Akarudi na mfuko wake. "Donc unatuibiya ndani ya kanisa?"

"Ni mimi!" nikapayuka. "Niligonga barafu nalo. Mama hajui chochote!"

"We haukuapa," Marcellin alinijibu bila kunitazama. "Yeye njo aliapa."

"Ni kweli," Mama Spés akasema.

Akakinyoosha kitako kwa mpini wa nyundo, akaendelea kupima, nyumba ya nne mpaka ya tisa. Yakabaki makopo yake matatu na viganja viwili vya juu. Akamwita Marcellin, kopo moja. Akawaita wale wawili wengine waliopunjwa, kopo moja kila mmoja. Nilingoja hata mmoja wao akatae. Marcellin aliukaza mdomo wa mfuko wake akapanda ngazi, nami nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Gentille, binti wa Mama Spés aliyeishi naye, alikuwa mwisho wa foleni, mtoto wa wiki tano mgongoni. Mama yake akamkung'utia vile viganja viwili.

"Maman, mpaka siku ya tatu? Nitamunyonyesha na nini?"

"Niliapa, mwanangu."

Gentille hakulia. Aliuangalia mfuko, kisha akatuangalia sote. "Ni nani aliandika ile maneno?"

Nikamwambia ni mimi. Sikuweza kumwambia kwamba niliyaandika maktabani, kwenye joto, nikiwa nimeshiba.