Kidimbwi Kisicho na Mtandao

Uvimbe kwenye titi langu niliujua mwaka mzima, na mwaka mzima niliukana. Dada yangu alipouliza, nilimwambia ni mafuta ya uzee; msomi hakosi maelezo. Siku ya majibu ya kipimo nilichokubali mwishowe, Julai ya ukungu, nilimwomba tupande milima ya Iveti hadi kidimbwi kilichofichwa na miti. Nilikichagua kwa sababu hakina mtandao. Tena wazee wetu walitambikia pale, na ingawa sisi ni Wakatoliki, hata katekista akifika hunong'ona. Nilijua dada hatanihoji pale.

Tulikaa hadi vidole vikafa ganzi.

"Daktari hawezi kukupata huku," akanong'ona. "Twende juu."

"Niko na baridi."

"Uko na woga. Simama, dada."

Juu, kwenye mwamba ambako kila mtu huja kupiga picha, vijana walituomba tusogee tusiwaharibie mandhari. Simu ikalia. Mwanamke wa hospitali alinisalimu kwa upole ambao sikuupenda, kisha akasema, "Mama, daktari anataka kukuona kesho. Tafadhali usije peke yako."