Kazi ya Kukalia Sanduku

Babu yangu mzaa baba alikuwa mchonga vigoda. Huko kwetu Samuye vigoda vingi vilitoka mkononi mwake. Akimaliza kimoja, wa kwanza kukikalia alikuwa bibi, kwa sababu bibi alikuwa mzito na hakuwa na haya ya kusema. Atajisogeza huku na huku, kisha atasema, "Hiki kina mguu wa mlevi." Babu ananuna, anachukua tezo, anaanza upya. Siku moja kigoda kikavunjika bibi akiwa juu yake, akaanguka chali na kibuyu cha maziwa, na babu akacheka mpaka akaenda kujificha zizini. Bibi hakumpikia siku ile. Mimi ndiye niliyempelekea viazi kwa siri, naye akanigawia nusu, akisema anayekula peke yake ni mchawi.

Sikutaka kusimulia vigoda. Ila nikikumbuka habari ya kukaa, babu huja kwanza, maana kazi yangu ya benki, ambayo ukoo mzima uliringa nayo, ilikuwa ni kukaa.

Shule niliiacha darasa la pili, au yenyewe iliniacha. Baba akasikia kwamba benki ya pale mjini Shinyanga inatafuta watu, akanipeleka mwenyewe kwa miguu. Njia nzima alinieleza nitakavyokuwa karani, nimekaa nyuma ya dirisha la waya, watu wananingoja. Meneja hakuniuliza kama najua kusoma. Alinitazama mabega. Kila mwisho wa mwezi gari lilipeleka mishahara kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, na alitakiwa mtu wa kukaa nyuma, juu ya sanduku la chuma. Mbele walikaa dereva na karani mwenye bunduki. Nikaambiwa nisishuke, nisizungumze na mtu, nisile na mtu. Siku zisizo za safari nilikaa kwenye mlango wa chumba cha nyuma, juu ya sanduku lilelile, likiwa tupu.

Nilipanga chumba Ngokolo, palepale mjini. Jioni majirani walikuwa wakizungumza uani. Nikiingia wanasema, "Karibu, bwana benki," halafu mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua. Hawakunichukia. Waliona tu kwamba mtu anayekaa karibu na siri ni vema asisumbuliwe. Nikawa naingia ndani mapema, nasikiliza vicheko vyao kupitia ukuta.

Safarini tulisimama Ushirombo kula. Dereva na karani walishuka, mimi nikaletewa sahani yangu palepale juu. Mama mmoja wa Kisumbwa aliyeuza ugali na maziwa ya mgando alikuwa akiniita kutoka jikoni kwake, "Kuku wa benki! Mayai bado tu?" Wateja wake wanacheka. Mwezi mwingine atasema, "Mwacheni, akishtuka atayakanyaga." Mimi naendelea kula. Lakini nikwambie kweli, mwezi ukikaribia kwisha, maneno ya yule mama ndiyo niliyokuwa nayangoja. Hakuna mwingine aliyekuwa akinitania.

Nikapata likizo wakati wa kuvuna mtama, nikaenda nyumbani Samuye. Jioni ya kwanza wanaume wa kaya yetu walikaa kuuzunguka moto, ugali katikati, kama kawaida. Mimi nikajimegea kwenye bakuli langu, nikaenda kukaa kando ya ghala, nikawapa mgongo. Wallahi sikujua ninachofanya. Nilishtuka nilipogeuka nikaona wote wananitazama.

"Nani amekukosea?" baba akauliza.

"Hakuna, baba."

Baba mdogo akasema, "Huko benki wamemfundisha kuogopa sumu yetu." Hakuna aliyecheka. Nikarudi kwenye duara.

Asubuhi nikamwamkia baba, nikamweleza kwamba mimi si karani, wala sitakuwa. Ninakaa.

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu. Nataka kuacha."

Akachokonoa majivu kwa kijiti. "Ng'wana wane, mwanangu, watu wote nimewaambia uko benki. Ukiacha nitawaambia nini? Kaa mwaka mmoja zaidi. Labda watakuona, wakupe ukarani."

Nikarudi mjini nikiwa na mioyo miwili. Wa baba ulisema kaa. Wangu ulikuwa bado umekaa kule ghalani, umewapa watu mgongo.

Safari iliyofuata tukafika Ushirombo, wenzangu wakala, nikaletewa sahani. Nikaitazama. Walipokuwa wakirudi garini, mama akaita, "Kuku wa benki! Mayai bado tu?"

"Mayai viza, mama," nikajibu.

Watu wakageuka. Hawakuwahi kusikia sauti yangu. Nikashuka na sahani yangu.

"Unakwenda wapi?" karani akauliza.

"Kula."

"Panda juu. Nani atakalia sanduku?"

"Kaa wewe, bwana mkubwa."

Akanitazama, akalitazama sanduku. Kunifuata hakuweza, maana sasa lilikuwa halina mtu. Akapanda na bunduki yake, akakaa.

Wachimbaji wawili waliokuwa wakila wakasogea, nikapata kigoda cha kukalia. Nikanawa, nikamwaga chakula changu kwenye sinia lao. Mama akaongeza maziwa, akasema, "Kumbe ana miguu." Nyuma yangu gari lilipiga honi, likangoja, likapiga tena, kisha likaondoka.

Tuliposhiba nikamuaga mama, nikavua kofia ya kazi niliyopewa na benki, nikaiacha juu ya kigoda nilichokalia. Nikashika njia kwa miguu. Benki sikurudi tena.