Kichwa cha Samaki Mlangoni mwa Kuku

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa nilimwita mnyama wa porini aje kumuua kuku wa jirani yetu. Nilimwita kwa kichwa cha samaki wa moshi, naye akaja.

Hata leo nikipita sokoni mahali wanapouza samaki wa kukaushwa, ile harufu ya mafuta na moshi hunifanya niongeze hatua kama mtu anayetafutwa. Sijawahi kumweleza mtu sababu. Ninawaeleza ninyi, na nitajaribu kuyapanga mambo kama yalivyofuatana.

Tuliishi Kindu, upande wa Kasuku, enzi ya Zaire, karibu sana na stesheni hata sufuria zilitetemeka ukutani kila treni ya mizigo ilipoingia. Baba alikuwa karani wa mizigo pale stesheni. Mwaka ule Mama alikuwa Kailo akimuuguza dada yake, kwa hiyo nyumba ilikuwa mikononi mwa Koko, ndivyo nilivyomwita nyanya yangu mzaa baba. Na tulikuwa na paka dume wa kijivu, jina lake Shefu. Baba ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu paka huyo alipenda kukaa juu ya magunia na kutazama wengine wakifanya kazi.

Nyuma ya nyumba palikuwa na bustani ya Koko: lengalenga, matembele, mihogo michache, na mwishoni mchikichi mmoja mzee uliozungukwa na majani marefu. Kila magharibi, kabla ya kutia udhu, Koko alimwagia Shefu vichwa vya samaki kwenye sahani ya bati iliyotoboka. Mimi nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, kwa sababu nilikuwa nimegundua jambo ambalo wengine hawakuwa na muda wa kuligundua. Paka wetu hakula peke yake.

Shefu alikula kwanza. Alipoondoka sahanini na kuanza kujipangusa uso, mnyama mwingine alishuka mchikichini: mwembamba, mrefu, mwenye madoa meusi mwili mzima na mkia wa pete nyeusi na nyeupe. Alikuwa kanu. Alikuja tumbo likigusa ardhi, akaketi hatua tatu kutoka kwa paka, akaangalia pembeni. Paka naye aliangalia pembeni. Kisha kanu alisogea, akala mabaki, akarudi juu. Siku moja alikosea akashuka mapema. Shefu alikunja mgongo, kanu akasimamisha manyoya hadi mkia wake ukawa mnene kama fagio, wakabaki hivyo muda mrefu mpaka mguu wangu ukafa ganzi. Hakuna aliyeruka. Waliketi, kila mmoja akajilamba kana kwamba alikuwa ameitwa na shughuli nyingine.

Nilipomweleza Koko, hakushangaa. “Majirani wanaoangaliana sana machoni, hao njo wanagombana,” alisema kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho ‘ndio’ huwa ‘njo’, akaendelea kuchambua mboga.

Jirani yetu halisi, ng'ambo ya ua wa matete, alikuwa Mama Kahindo, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini. Alikuwa na duka la chumvi, sabuni na vitenge, na kuku aliowapa majina. Kuku wake walianza kupotea. Alipopotea wa kwanza, alisema labda ni mwewe. Alipopotea wa pili, akaanza kutazama upande wetu. Wa tatu alipopotea, alisubiri Jumamosi.

Jumamosi ilikuwa siku ya Salongo, kazi ya lazima ya kufyeka majani na kuzibua mifereji, na mtaa mzima ulikuwa nje na mapanga. Mama Kahindo alisimama katikati ya barabara, akamwita baba yangu kwa jina langu mimi, mbele ya mkubwa wa mtaa.

“Baba Zaina, paka yako njo inakula kuku yangu.”

“Uliiona na macho?”

“Nani anaonaka mwizi? Kila siku iko inakaa juu ya ua, inahesabu kuku yangu kuliko mimi mwenyewe.”

Watu walicheka. Mkubwa wa mtaa hakucheka. Alisema hataki maneno ya paka kwenye Salongo ijayo. Paka akiwa mwizi, aingie guniani, gunia liingie mtoni Lualaba. Alisema hayo huku akitazama kama mfereji umezibuliwa vizuri, kisha akaenda zake.

Baba alikuwa mtu wa utaratibu. Jioni ya Jumanne alikuja na waya mwembamba na vipande vya madini ya risasi, kama vile walivyofungia milango ya mabehewa stesheni ili ijulikane kama yamefunguliwa njiani. Alichukua sanduku la mbao lililokuwa limebebea sabuni, lenye nafasi kati ya mbao na mbao, akamtia Shefu ndani, akapitisha waya, akaibana risasi kwa koleo mbele ya Mama Kahindo.

“Siku tatu,” alisema. “Kuku akipotea na risasi iko nzima, paka haina kosa. Kuku wasipopotea, nitaipeleka mtoni mimi mwenyewe.”

“Njo vizuri,” alisema Mama Kahindo. Alipitisha kidole juu ya risasi kama mnunuzi anayekagua kitambaa.

Koko peke yake hakuridhika. Alisema Mtume alisimulia habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, alimfunga asimlishe, na yeye hana nia ya kumfuata. Alihamisha mkeka wake kando ya sanduku, akawa anapenyeza vichwa vyote vya samaki katikati ya mbao. Sahani ya bustanini ikabaki tupu, chini yake pakajaa sisimizi na hakuna aliyejali.

Alfajiri ya kwanza Mama Kahindo alihesabu kuku wake kwa sauti ili tusikie. Wote walikuwapo. Alfajiri ya pili alihesabu polepole zaidi. “Wote wako,” alisema juu ya ua, si kwa ubaya. Karibu kwa huruma. Baba aliinama juu ya kikombe chake cha chai. Ndani ya sanduku Shefu alikuwa ameacha kulia, na kulia kwake kulikuwa kumenisumbua kidogo kuliko kimya chake.

Mchana wa siku hiyo hiyo, ukiwa umebaki usiku mmoja tu, niliona Baba akikung'uta gunia la mchele uani. Alilikunja mara nne, akaliweka kizingitini, pale pale ninapokaa.

Nilifikiri kwa haraka. Kanu alikuwa hajashuka siku hizo mbili, kwa sababu sahani ilikuwa tupu. Sababu nyingine sikuitafuta. Nilikuwa na hakika kwamba mwizi ni yeye. Nilichohitaji ni aibe kwa wakati unaofaa. Magharibi, Koko alipokuwa anatia udhu, nilichukua kichwa kikubwa cha samaki kutoka kwenye kikapu juu ya jiko, nikapenya kwenye tundu la ua, nikakiweka mbele ya banda la kuku, kwenye ubao wa chini uliokuwa umelegea. Kuku waliguna ndani. Mikono yangu ilinuka, niliisugua kwa majani ya matembele, ikanuka zaidi. Nilipogeuka niliona mkia wa pete ukining'inia mchikichini. Haukutikisika.

Asubuhi Mama Kahindo hakuhesabu. Alikuja mlangoni kwetu amembeba kuku mwekundu kwa miguu, shingo imetafunwa. Baba alimwonyesha risasi; ilikuwa nzima. Kisha sote tukaenda kutazama banda, Baba, Mama Kahindo, mimi nyuma, na Koko, ambaye kwa sababu ya miguu yake hakuwa na desturi ya kwenda popote asipokuwa na haja.

Koko alitangulia. Alifika mbele ya banda akasimama, kikwembe chake, kitenge alichojifunga kiunoni, kikagusa ardhi. Walikagua ubao, walikagua nyayo, walibishana kama ni fungo au kanu, na Mama Kahindo akamletea kigoda. Koko alikataa. Alisimama wima kama mlingoti, yeye ambaye hata kwenye matanga aliombwa aketi.

“Basi paka yenu iko na bahati,” alisema Mama Kahindo mwishowe. “Kaka yangu atatega.”

Walipoondoka, Koko aliinua mguu. Chini ya kandambili kulikuwa na taya ya samaki na nusu ya kichwa. Aliiokota, akaiviringisha kwenye pindo la kikwembe.

“Enda lete maji, mutoto,” alisema. “Muguu wangu inanuka.”

Hatukulizungumza tena, wala siku hiyo, wala mpaka alipokufa.

Baba alikata waya. Shefu alitoka, akajinyoosha, akaenda kukaa juu ya lile gunia lililokunjwa. Kaka yake Mama Kahindo alitega waya chini ya mchikichi, na kwenye Salongo iliyofuata ngozi ya kanu ilikuwa imewambwa kwa vijiti juu ya ua, upande wa madoa nje. Mtu mmoja alisema tazameni, chui mdogo. Wawili wakaanza kucheka, kisha wakainamia mapanga yao, maana siku zile Rais alivaa kofia ya ngozi ya chui, na chui hakuwa mnyama wa kufanyiwa mzaha mbele ya mkubwa wa mtaa. Mimi nilifyeka huku nimewapa mgongo.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa nilichokuwa nimefanya. Risasi ya Baba ilithibitisha kwamba paka alikuwa ndani ya sanduku. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa nje. Nilidhani nimeleta ushahidi, kumbe nilikuwa nimeutengeneza, na mzee mcha Mungu aliukanyaga kwa mguu wake mgonjwa ili usionekane. Nilidhani alimwokoa paka. Sasa nadhani alikuwa ananiokoa mimi, na kwamba sala yake ya asubuhi ile ilikuwa nzito.

Lakini bado kuna jambo moja. Majuma mawili baada ya ngozi kuwambwa, kuku mwingine wa Mama Kahindo alipotea, mweupe huyu, bila unyoya wala tone la damu. Mama Kahindo alisema ni kanu mwingine. Kila magharibi nilikaa kizingitini kumngojea huyo kanu mwingine; hakushuka mnyama yeyote mchikichini. Na jioni ile ile ya kuku mweupe, Koko alipomwaga vichwa vya samaki kwenye sahani ya bati, Shefu alivinusa, akaviacha, akaenda kulala.